Mama Mkwe Kwenye Kiti cha Ngozi

Lilikuwa Prado jeusi, viti vya ngozi, na wala sikuwa na haja nalo. Kutoka Kisumu hadi kwa wakwe zangu kule Asembo, ukingoni mwa ziwa, gari dogo la kawaida lingenifikisha bila shida. Lakini nilikuwa nimechoka kuitwa shemeji wa boda. Tangu nioe nimekuwa nikifika kwao juu ya pikipiki, suti imejaa vumbi, mkate umebondeka mfukoni, na shemeji yangu, ndugu ya mke wangu, ambaye mwenyewe ndiye mwendeshaji wa boda boda, alikuwa na tabia ya kuniuliza mbele ya watu kama nimeshalipa nauli. Basi safari hii nikasema liwe liwalo. Nikaenda kwa jamaa mmoja wa Mamboleo anayekodisha magari ya harusi, nikatia sahihi kwamba hakuna mwingine atakayegusa usukani ila mimi, nikapewa ufunguo.

Wueh, tulitoka Manyatta kama mawaziri. Nilipita Kibuye polepole kwa makusudi, maana ndipo ninapouza mitumba, na nikapiga honi mpaka wenzangu wakaacha wateja kuja kutazama. Mke wangu alikaa nyuma peke yake, eti yeye ndiye mheshimiwa na mimi ni dereva wake. Akagundua kwamba ukivuta kidude fulani pembeni, kiti kinalala chenyewe. Alikilaza, akacheka, akalala usingizi, na hakuamka mpaka tulipopita Kombewa. Nilimwangalia kwenye kioo nikaona fahari. Ninakumbuka hivyo kwa sababu ilikuwa mara ya mwisho kulifurahia gari lile.

Mama mkwe alitoka jikoni aliposikia ngurumo. Alisimama mbali kidogo, akalitazama gari kutoka mbele hadi nyuma, kisha akamwambia binti yake aniulize kama nimeiba au nimechaguliwa kuwa mbunge. Hivyo ndivyo tulivyozungumza sisi wawili, kwa kupitia mtu wa tatu. Kwetu sisi Wajaluo, mtu na mama mkwe wake wana mipaka. Hatuli pamoja. Mimi silali chini ya paa lake. Na yeye, hata akiwa mgonjwa namna gani, hawezi kujilaza mahali ambapo mimi nipo, kwa sababu mama mkwe akilala mbele ya mkwe wake ni kama amevuliwa nguo. Kuna vijana siku hizi wanacheka mambo haya. Yeye hakuwahi kucheka. Lakini ndani ya mipaka hiyo alinipenda, na nilijua. Kila alipopata ngege mzuri kutoka kwa wavuvi, alimkausha akanitumia mjini, na ujumbe kwa mke wangu ulikuwa ule ule: mpe mtoto wangu, anakonda.

Niliandaliwa chakula katika nyumba ya shemeji. Nilikuwa ndio kwanza nimenawa mikono niliposikia sahani zikivunjika jikoni, halafu sauti ya mke wangu. Mama mkwe alikuwa chini. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umeanguka, mkono wa kulia haukusogea, na mdomo ulitoa sauti isiyo maneno. Muuguzi wa zahanati ya jirani, mama mmoja mnene asiye na maneno mengi, alikuja mbio akamtazama, akasema ni kiharusi, apelekwe Kisumu sasa hivi, ambulensi tukiisubiri tutasubiri sana. Kisha akanitazama mimi na lile gari, akasema Mungu ametusaidia. Alazwe kwa ubavu, alisema, kichwa kiinuliwe kidogo tu. Asikae wima kwa vyovyote, maana akitapika atapaliwa na matapishi yatashuka mapafuni.

Tukamwingiza nyuma na muuguzi, kiti kikalazwa. Mke wangu akakaa mbele. Mimi nikashika usukani, na nilipofunga tu mlango, mama mkwe akainuka.

Nilidhani ni maumivu. Muuguzi akamlaza tena, taratibu, akimbembeleza kwa Kijaluo. Akainuka tena. Kwa ule mkono mmoja uliobaki alishika mgongo wa kiti changu akajivuta, kichwa kikining'inia, pumzi ikikwaruza. Nikaongeza mwendo. Kabla ya Ndori akatapika, akapaliwa, muuguzi akapiga kelele nisimamishe gari. Tukamsafisha. Tukamlaza. Nilipowasha gari, akainuka.

Hapo ndipo nilipokutana na macho yake kwenye kioo, nikaelewa. Nikakigeuza kioo kikatazama juu. Mke wangu akafungua leso yake akaitundika katikati ya viti vya mbele na vya nyuma, tukawa kama watu waliogawana nyumba. Haikusaidia. Kitambaa kilikuwa chembamba, na hata nikikohoa alinisikia upande wa pili. Maneno yote yalikuwa yamemwacha isipokuwa moja, na hilo alilirudia kwa ulimi mzito: "Ora." Yaani mkwe wangu. Hakuwa ananiita. Alikuwa anawakumbusha wale wanaomlaza kwamba mimi nipo.

Nilikasirika, haki ya Mungu nilikasirika. Niliikasirikia mila, nikamkasirikia yeye, nikajikasirikia na suti yangu. Mwanamke anakufa na bado anaweka heshima? Heshima ya nini, kwa mtu anayeuza suruali za mtumba Kibuye? Nilipiga usukani kwa ngumi, nikasema kwa sauti, bila kugeuka, moja kwa moja kwake kwa mara ya kwanza katika maisha yangu: "Mama, lala. Nakuomba. Hakuna mgeni hapa, ni mimi tu."

Mke wangu akaanza kulia, kwa sababu shida yenyewe ilikuwa hiyo, kwamba ni mimi.

Shemeji alikuwa anatufuata kwa pikipiki. Nilisimamisha gari, na aliposogea dirishani muuguzi akamwambia wazi kwamba mgonjwa asipolala hatutafika naye hata Holo, sembuse Kisumu. Yule kijana aliyenitania miaka yote alinitazama, na hapakuwa na utani usoni mwake.

"Shemeji, shuka," alisema. "Mama hawezi kulala na wewe uko ndani."

Nani aendeshe sasa? Yeye alijua magurudumu mawili tu. Muuguzi hakujua hata hayo. Mke wangu alikuwa na leseni, lakini tangu aipate alikuwa ameendesha gari la kaka wa rafiki yake ndani ya uwanja wa kanisa, basi. Nilifikiria ile sahihi yangu kule Mamboleo. Nilifikiria malori ya barabara ya Kisian. Kisha nikasikia ile pumzi nyuma yangu, nikafungua mlango nikashuka.

Mke wangu alizunguka mbele ya gari akipangusa mikono kwenye sketi. Akapanda, akashika usukani. Nilimwonyesha breki kwa kidole, kama mtu anayemwonyesha mtoto jiko la moto, akasema anajua. Gari likaruka, likasita, likaenda. Na nikiwa nimesimama pale kando ya lami niliona kupitia dirisha la nyuma kile kichwa chenye kitambaa cheupe kikishuka, kikashuka, kikapotea. Alikuwa amelala. Nililia kwa sauti, na watu waliokuwa wakingoja gari pale walisogea mbali nami.

Nilifika Kisumu jinsi nilivyofika kwao siku zote, juu ya boda. Mvua ilitoka ziwani ikatupiga usoni, nami nilimshika shemeji kiunoni nikitazama taa za nyuma za Prado zikiyumba mbele yetu. Malori yalimpigia honi mke wangu. Mara moja alitoka nje ya mstari, nikafumba macho, na nilipoyafumbua alikuwa amerudi. Simu ikalia mfukoni. Alikuwa mwenye gari, anaona kwenye mtambo wake wa kufuatilia magari kwamba linakwenda kama mkokoteni, anauliza kuna nini. Nilimwambia liko katika mikono mizuri nikakata. Sikujua kama ni kweli. Nilikuwa naomba Mungu huku nikimtukana, yote kwa pumzi moja.

Mama mkwe alifika akiwa hai. Mke wangu alipozima injini mbele ya hospitali, vidole vyake vilikataa kuachia usukani, ikabidi ndugu yake amfungue kimoja kimoja.

Siku zilizofuata nilikwenda hospitalini kila asubuhi kabla ya kufungua biashara, lakini sikuingia wodini. Nilijaribu siku ya kwanza tu. Niliposimama mlangoni alinyoosha ule mkono mmoja akashika chuma cha kitanda, akaanza kujivuta, mashine ikalia, wauguzi wakanifukuza. Tangu hapo nilikaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha lake, mke wangu akinipitishia habari. Leo amemeza uji. Leo amesema maneno mawili. Leo ameuliza kama lile gari ulilirudisha kwa mwenyewe au polisi walikushika. Nilicheka pale nje peke yangu kama mwendawazimu. Nikaanza hata kupanga namna ya kumpeleka nyumbani, na nani ataendesha.

Kisha asubuhi moja mke wangu akatoka, hakuketi, akasema mama ananiita.

Nilikataa. Nilimwambia ataumia, atataka kuinuka. Akanivuta tu mkono wa shati.

Niliingia nikitazama sakafu, nikijipa hatua moja moja, tayari kurudi nyuma nikisikia chuma cha kitanda kikilia. Hakikulia. Niliinua macho. Alikuwa chali juu ya mto, shuka hadi kifuani, ule mkono mzima umelala pembeni umefunguka, na alikuwa ananitazama usoni.

"Ora," alisema, na safari hii alikuwa ananiita mimi.

Nikapiga magoti, maana mtu kama yeye haachi mpaka ule ila anapoaga. Mimi niliyemsihi alale, barabara nzima kutoka Asembo, niliushika ule mkono nikauweka juu ya chuma cha kitanda, vidole vyake ndani ya vyangu, nikamwambia, "Inuka, mama. Nipo hapa. Inuka basi."

Hakujaribu.