Glasi ya Maji Juu ya Betri

Sikio langu la kushoto lilifia Osukuru, kwenye mashine ya kusaga mawe, na kwa miaka mitatu sikumwambia mtu, hata mke wangu. Kazini niliogopa kuondolewa kwenye mashine na kupewa ufagio. Nyumbani sijui niliogopa nini. Nadhani niliona haya, kijana mzima kuwa kiziwi kama babu yangu. Sikio la kulia lilisikia maneno ya karibu, ila kukiwa na kelele nalo lilinitupa. Basi nikajifunza kujibu. Mtu akisema jambo nisilisikie, nilitabasamu na kusema, "Vizuri." Neno hilo lilinivusha sehemu nyingi.

Tulikuwa na gari kuukuu la dizeli, lenye silinda nne na maradhi yasiyoisha. Kila silinda ina nozeli yake ya kurushia dizeli ndani, laini kama ukungu. Nozeli ikichoka inatema matone, gari linatetemeka na kutoa moshi mzito. Kumjua mgonjwa si kazi kubwa. Injini ikiwa inaunguruma, unalegeza nati ya mrija wa nozeli moja ili ikose dizeli. Mlio ukishuka, hiyo ilikuwa nzima, unaikaza na kwenda ya pili. Mlio usipobadilika, umempata. Mimi nilishika spana, mke wangu alikaa kwenye usukani na kusikiliza. Nilimwambia anionyeshe kwa mkono dirishani, kwa kisingizio cha kelele: kiganja chini, mlio umeshuka; ngumi, bado ule ule. Hakukosea hata siku moja. Alidhani anathibitisha tu ninachosikia mwenyewe, kumbe nilihitaji masikio yake.

Siku moja tulikuwa tukirudi Tororo kutoka kwao, ng'ambo ya mpaka pale Busia, alikokuwa amekaa wiki nzima kwa mama yake. Tulipofika Dabani akanigeukia akasema jambo. Alikuwa ameketi kushoto kwangu, mahali pa abiria. "Vizuri," nikasema, nikatabasamu. Hakufungua mdomo tena mpaka nyumbani.

Siku tatu baadaye kaka yake alikuja na lori la pamba. Wakapakia nguo zake na cherehani. Nilimuuliza mke wangu kuna nini, akapanda lori. Shemeji ndiye aliyesema, uso kwa uso, nikamsikia vizuri kabisa.

"Shemeji, usipokuja kabla ya Krismasi, sisi tutajua umemwacha."

Nilikaa peke yangu. Cherehani ilikuwa imeacha alama nne za miguu yake sakafuni, na mimi nilizikwepa nilipopita, kana kwamba bado ipo. Chai na mandazi nilikula hotelini barabarani ili nisilione jiko lake limepoa. Nilimkosa kiasi kwamba mchana niliacha mlango wazi, maana akibisha hodi nisingemsikia.

Gari nalo likaanza kukohoa. Ningeweza kupanda basi, najua. Lakini mkwe ashuke kwenye basi amejaa vumbi, halafu arudi na mke na cherehani kichwani? Kiburi kilinishika, nikasema nitakwenda na gari au sitakwenda.

Nilipata nozeli moja mpya mjini Tororo. Jumamosi moja nilifungua boneti nikasikiliza peke yangu, kichwa nimekiinamisha upande wa kulia. Nikaamua ni ya pili. Nikaing'oa, nikafunga mpya, nikawasha. Gari likatetemeka vilevile. Nilikaa juu ya tairi la akiba nikalia, na wala sioni haya kuliandika.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi niliirudia injini. Nilikuwa nimeweka glasi yangu ya maji ya kunywa juu ya betri, na injini ilipowaka nikaona maji yanachezacheza. Nikayatazama. Nikalegeza nati ya kwanza, maji yakaruka, yakamwagika. Ya pili, yakaruka. Ya tatu, hayakujua kama nimefanya kitu. Nikalegeza ya nne ili niwe na hakika, yakaruka.

Nikahamishia nozeli mpya kwenye ya tatu, ile niliyoionea nikairudisha mahali pake. Washa za shaba, zile pete ndogo za kuziba chini ya nozeli, zilikuwa zimekakamaa na sikuwa na nyingine, kwa hiyo niliwasha jiko la mke wangu, nikazichoma hadi zikawa nyekundu, nikazitumbukiza majini zikalainika. Injini ikatulia. Asubuhi yake nikashika njia.

Kwao sikuingia. Mama mkwe alikuwa uani, na mkwe haingii mpaka aitwe. Nilisimama nje ya ua wa miti ya manyara, injini ikiwaka. Mke wangu akatoka mwenyewe, akaja dirishani kwangu, upande wa kulia. Alisikiliza gari kwanza.

"Imepona," akasema. "Nani alikaa ndani?"

Nilielewa anachouliza: ni mwanamke gani?

"Hakuna mtu. Mimi naweka maji kwa glasi, naangalia."

"Maji? Na masikio?"

Nikamwambia. Nikagusa sikio la kushoto, nikasema hili limekufa tangu mwaka tuliooana. Alikitazama kile kiti cha abiria kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo pale Dabani hukunisikia."

"Sikusikia. Ulisema nini?"

"Wewe ulisema vizuri. Ukacheka."

Akainama mpaka midomo yake ikagusa sikio langu. "Nilikuambia nilikuwa na mimba, na imetoka."

Nikazima injini. Nikamwomba aseme tena, na safari hii si kwa sababu sikusikia. Akasema tena.

Tulirudi Tororo jioni, cherehani imekaa mbele kama mgeni. Mke wangu alikaa nyuma yangu, upande wa kulia, mkono wake begani mwangu, na watu njiani walidhani nimekuwa dereva wa teksi. Tulipofika Dabani akaanza kunieleza yote tangu mwanzo, na sikujibu "vizuri" hata mara moja.