Vioo Juu ya Ufa

Hasira bado ninayo, na nyingi ni juu yangu mwenyewe.

Lile duka la ghorofa katikati ya Nakuru lilijengwa na walowezi kabla sijazaliwa. Ukuta wake wa mbele ulikuwa na ufa, na chini yake, barazani, mshonaji mmoja alikaa na cherehani yake kutwa. Injinia wa Kizungu aliagiza sisi vibarua tubandike vipande vya kioo juu ya ufa. Vikipasuka, ukuta unatembea, na msingi lazima uchimbwe upya. Vikibaki vizima, ufa utazibwa kwa saruji, basi.

Nilibandika mimi. Ufundi nilijifunza kwa kuchungulia kazi za wengine, na kila siku niliogopa kugunduliwa. Mvua ikanyesha wiki nzima, udongo wetu wa majivu ya volkano ukanywa maji. Asubuhi moja nikakuta kioo kimepasuka. Nikaona aibu: nimekibandika vibaya! Nikaweka kipya. Kikapasuka nacho. Nikabadilisha tena, nikakifuta hadi kikang'aa.

Injinia akaja, akatazama. "Ukuta umetulia. Zibeni."

Hapo ndipo akili ilinirudia: ukuta ndio uliovipasua vioo, si ubaya wa kazi yangu. Nikamkimbilia mkandarasi wetu. "Mzee, vioo vilipasuka mara mbili. Nilivibadilisha."

Akacheka hadi akashika kiuno. "Kumbe niliajiri msafisha madirisha! Nyamaza. Mwenye duka anataka kufungua. Koroga saruji."

Nikamfuata injinia kwenye gari, nikamweleza yote. Hakuuliza habari za ufa hata kidogo.

"Wewe nasoma shule gani?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha walowezi.

"Sikusoma, bwana."

Akafunga mlango, akaondoka. Mtu aliyeamini kioo changu hakuweza kuamini mdomo wangu!

Nilipokataa kukoroga saruji, mkandarasi alinifukuza hapo hapo. Nikaenda kwa mshonaji.

"Fundi, hama hapa. Ukuta huu unatembea."

"Nihamie wapi, kijana? Leseni yangu ni ya baraza hii."

Nilichukua kipande cha kioo kilichobaki, nikakibandika ukutani nyuma ya cherehani yake, pale ufa unapoishia, mahali ambapo mkandarasi hangeinama kutazama.

"Hiki kikipasuka, usimwite mtu. Beba cherehani, ukimbie."

"Mbona umekiweka upande?"

Kweli kilikuwa upande. Lakini hata cha upande kingepasuka. Nilikiacha hivyo hivyo.