Stranger, visitor, guest: Kiingereza nilichojifunzia getini Likasi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Juzi humu nimeona watu wanabishana stranger, visitor na guest zinatofautianaje. Nikacheka peke yangu jikoni. Mimi tofauti hiyo nimeisonga na bukari, yaani ugali wa kwetu, na haya ninayosimulia sijayatia chumvi.

Ni miaka ya tisini, Likasi, Katanga. Mambo yameharibika. Baba anaamka kila asubuhi anaenda usine, yaani kiwandani, mshahara hauji. Mimi binti mkubwa, Kifaransa ninacho, kazi sina.

Jirani yetu Mama Mulenga, mzaliwa wa Zambia aliyeolewa kwetu, akaanza kutufundisha Kiingereza uani kwake. Ada yake ilikuwa kumtwangia sombe, majani ya muhogo.

Ubao hakuwa nao. Anakutoa nje ya geti, unabisha hodi.

Ukiwa getini na hakujui, wewe ni stranger. Akikupa kiti, visitor. Ukinawa mikono ule, guest. Ukianza kuuliza bei, haya, customer!

"Muntu ni ule ule," anasema, "lakini angalia iko wapi!"

Sisi kwa Kiswahili wote hao tunawaita wageni, tumemaliza.

Basi akaja Bwana Banda, Mmalawi mwenye lori la unga na sabuni. Kifaransa hajui, Kibemba chake cha kuombea maji tu. Anatafuta mkalimani wa kuzunguka naye masokoni, Likasi mpaka Kapolowe. Mama Mulenga akampa jina langu, naye Banda akasema atapita kwetu anisikilize.

Wakuu, hebu fikirini! Nikiipata kazi hiyo, nyumbani tunakula.

Siku yenyewe akabisha hodi. Nimeshakariri sentensi zangu zote za biashara. Kabla sijafungua mdomo, mama yangu akampa kiti, kisha akaniita jikoni.

"Songa bukari."

"Mama, unga ni huu tu umebaki! Na huyu amekuja kwa mambo ya kazi."

"Kazi itangoya. Muntu anatoka mbali, weye unataka kumuuliza mambo na njaa?"

Kwetu ndivyo ilivyo, mgeni haulizwi shida yake kabla hajala. Lakini siku ile nilikasirika jamani! Nikasonga huku nasema moyoni, kwisha habari yetu, kazi hakuna na unga hakuna.

Bwana Banda akanawa. Akaona mama amekaa pembeni, yeye hajipakulii. Akanigeukia, akaniuliza taratibu kwa Kiingereza: hapa kwenu mimi ni nani, customer?

Nikataka kumtafsiria mama. Hata hakusubiri.

"Umwambie akule, bukari inapola."

Nikamwambia, "My mother says you are our guest."

Hakusema hivyo, lakini nani atabisha? Banda akacheka mpaka akapaliwa. Akaniambia wakalimani waliotangulia walianza kutaja malipo yao yeye bado amesimama getini.

Kesho yake nikapanda lori, na nyuma yangu nyumbani likabaki gunia la unga alilolishusha Banda. Mama alilipapasa kama mtoto mchanga.

Sasa sikilizeni. Nilifanya naye kazi muda mrefu. Ikafika siku anaingia bila hodi, na mama anamfokea, "Banda! Kamata bidon, enda kuchota maji! Bukari ya bure iliisha!"

Mwanaume mzima, mwenye lori lake, akabeba hilo dumu akaenda.

Nikakimbilia kwa Mama Mulenga kumuuliza, huyu sasa anaitwaje kwa Kiingereza, mbona hukutufundisha? Akaacha kutwanga, akacheka mpaka machozi.

"Uyo? Uyo njo family."

Kwa hiyo wakuu mnaobishana, wekeni kamusi chini kidogo, mwangalie mtu amefika wapi ndani ya nyumba.

Haya, kwenu mgeni anaanza kutumwa maji lini? Semeni, nimekaa hapa nasoma.