Watu Wetu Wanaokufa Hawatoshi

Fundi wetu wa programu za simu amefariki, na mimi nimezipata habari siku mbili baada ya kuzikwa. Niliambiwa Makadara, hapa Mombasa, nimeshika sahani ya viazi vya karai, na mzee mmoja muuza maji ya ukwaju. Aliniuliza hali, akaniuliza watoto, akaniuliza kazi, kisha akasema kwa upole wa kuudhi kwamba hawakuniona mazikoni, na kwamba labda sisi watu wa magazeti siku hizi tuna shughuli nyingi. Mazikoni kwa nani? Aliponitajia jina, sahani niliiweka chini na hamu yote ikaniisha. Msomaji wangu, nina hasira tangu siku hiyo na safu hii naiandika nikiwa nazo bado, kwa hiyo utanivumilia.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba marehemu ndiye aliyetutengenezea programu ya kutangaza vifo. Wenyeji wa Mji wa Kale wanaijua. Kwetu maiti hakai. Mtu akifa alfajiri, adhuhuri anasaliwa, na alasiri haijaadhiniwa watu wamekwisha kurudi kutoka makaburini. Zamani habari ilitangazwa misikitini na kupelekwa nyumba kwa nyumba, lakini wengi wetu tumehama. Mimi nipo Tudor, mwingine Changamwe, mwingine amevuka Nyali, na kipaza sauti hakifiki huko. Fundi alikuwa na chumba chake cha kazi ghorofani, nyuma ya maduka ya kanga ya Biashara Street. Kazi iliyomlisha ilikuwa kuwaandikia wenye maduka programu za stoo. Hii ya vifo aliiandika kwa sababu ya mamake, ambaye dada yake wa tumbo moja alipofariki hakuwahi kumuona kabla ya jeneza kutolewa nyumbani, maana kila mtu alidhani mama huyo keshaambiwa. Fundi alilisema jambo hilo mara nyingi. Basi akatengeneza kitu rahisi: unaandika jina la marehemu, nyumba, msikiti na saa, unabonyeza mara moja, na simu zinalia mji mzima. Hata zile simu za bei nafuu ziliweza kuipokea.

Nasema mji mzima, lakini sivyo. Simu za kisasa zina mabwana wawili wakubwa duniani, na mabwana hawa hawapikiki chungu kimoja. Programu ya huku haifunguki kule, chaja ya huyu kwa miaka mingi haikuingia kwa yule, na kila mmoja ana duka lake la programu lenye bawabu mlangoni. Fundi alikuwa na droo yenye simu saba za kujaribia kazi zake, na hakuna hata moja aliyoipenda. Vijana walipobishana mkahawani kuhusu simu ipi bora, wametoa macho kama washabiki wa mpira, yeye aliwauliza kama kampuni hizo zimewahi kuwajulia hali. Alisema wale hawagombani kwa ajili yetu. Wanagombania kutufungia ndani, kila mmoja kwenye ua wake, na fundi wa Mombasa analazimika kuandika kazi ileile mara mbili, halafu akasimame mlangoni kuomba ruhusa.

Bwana wa kwanza alimfungulia. Wa pili alimkatalia mara tatu. Mara ya tatu nilikuwepo, nimekaa kwenye kiti chake kibovu nikisubiri anitengenezee kompyuta. Alisoma barua, akaisoma tena, akaigeuza kompyuta nione. Ilikuwa barua ya adabu sana. Ilisema programu hiyo ina matumizi finyu na haina watumiaji wa kutosha kustahili kuwekwa dukani kwao.

“Yakhe, wayasikia haya?” aliniambia. “Wasema watu wetu wafao hawatoshi.”

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka, na leo naona haya kwamba nilicheka.

Tena siku chache baadaye nilinunua simu ya bwana huyohuyo wa pili. Sitajitetea. Nilisema ni kwa ajili ya picha za kazini, na mke wangu hakuniamini. Fundi aliipindua mkononi, akaitazama mgongo na kioo, akaniambia nimejinunulia uziwi wa bei ghali. Nikamjibu kwamba yeye ndiye fundi, atafute dawa. Akasema nisijali, habari zitanifikia tu.

Na kweli zilinifikia, ila kwa njia iliyonitoa jasho. Kila kulipotokea msiba alinipigia simu mwenyewe. Hakuwa na maneno mengi: fulani amefariki, anasaliwa msikiti fulani, saa fulani, kisha anakata. Alinipigia nikiwa kwa kinyozi, alinipigia nikiwa mkutanoni, na siku moja alinipigia nikimhoji mkubwa mmoja wa bandari aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kusema jambo la maana. Mkubwa akanyamaza, na hakulirudia tena. Siku hiyo nilitoka nje nikampigia fundi nikamfokea. Nilimuuliza kwani hana kazi, na hiyo programu yake ni ya nini ikiwa anapiga simu kwa kidole chake.

“Hii ndiyo programu ya simu yako,” akanijibu. “Toleo la kwanza. Likikuudhi niambie, nitalirekebisha.”

Nilidhani ananitania. Nilidhani ni mtu mwenye nafasi, anayependa kunisumbua kwa kuwa tumezoeana.

Baada ya habari za Makadara nilikwenda matangani nikiwa nimejiinamia. Nje ya nyumba, kwenye mkeka wa mwisho, nilikuta wanaume kadhaa wamekaa wamenuna. Kumbe wote walikuwa kama mimi, hawakuzika. Mmoja ni daktari, mmoja mwalimu, mwingine ana duka la vipuri, na kila mmoja alikuwa na simu ya bwana wa pili mfukoni. Tuliulizana ilikuwaje jirani asituambie, na jawabu likawa lilelile lililomponza mamake fundi: kila jirani alijua programu itatuambia.

Hapo binti yake mkubwa, aliyefundishwa kazi na babake, akaniita kwenye daka, pale kibarazani mlangoni. Alikuwa na daftari la shule mkononi.

“Ami, mimi nilibonyeza kama alivyonifunza, na simu zikalia,” alisema. “Nikajua nimemaliza. Hili nimeliona jana, lilikuwa chini ya zile simu zake saba.”

Ndani yalikuwa majina yetu, wote wa mkeka wa mwisho na wengine wengi, kila jina na nambari yake kwa mwandiko wake wa kulala. Juu ya ukurasa aliandika: hawa simu zao hazipokei, wapigiwe. Pembeni mwa jina langu palikuwa na maneno machache zaidi. “Hukasirika. Apigiwe vivyo hivyo.”

Nililia kwenye daka la watu, mtu mzima mimi.

Nimewahi kujaza safu hii kwa sifa za maendeleo, na sina budi kujisuta. Mwaka huu mabwana wale wawili watapanda tena jukwaani na simu mpya, na sisi tutagombana kwa niaba yao. Hakuna atakayejua kwamba pengo waliloliacha katikati yao lilizibwa na mtu mmoja wa Mombasa, msiba baada ya msiba, huku tukimfokea. Tulidhani mashine inafanya kazi. Ilikuwa ni yeye, na siku yake ilipofika hakukuwa na mwingine wa kufanya kazi ile. Tangu sasa, kitu kikinifikia bila taabu, nataka kwanza nijue ni nani anayetaabika.

Daftari tumeligawana kurasa, binti yake na sisi wa mkeka ule. Mimi nina majina kumi na moja. Wiki iliyopita alifariki bibi mmoja wa mtaa wetu wa zamani, nikafunga kazi yangu nikaanza kupiga. Wa tano alikuwa mkutanoni. Aliniuliza kwa hasira kama sina kazi ya kufanya. Nikamwambia msikiti na saa, kisha nikampigia wa sita.