Sura ya Mwisho Aliyotusomea Mwalimu

Juzi nilikuwa napekuapekua vitabu vya kale kwenye simu, mara nikakiona kitabu alichokuwa akitusomea mwalimu, jirani yetu kijijini Zuzu, nilipokuwa na miaka tisa. Mtunzi ni mwanamke wa Kiingereza wa enzi za Malkia Viktoria, aliyeandika riwaya chungu nzima za mapenzi ya mabwana na mabibi wa majumba makubwa. Leo hata kwao hawamjui. Sijui angesema nini angeambiwa kwamba aliwahi kuwaliza wanawake wa Ugogo.

Ilikuwa alasiri, baada ya mavuno. Sisi tunabangua karanga barazani kwa bibi, vidole vinauma, vumbi la maganda limejaa puani, naye mwalimu anatufasiria papo kwa papo. Binti maskini amechumbiwa na bwana mzee mwenye mashamba. Bibi hakuweza kuvumilia.

“Mshenga wake nani? Wajomba wa binti wamesemaje?”

Mwalimu, bila kupepesa macho, akawaingiza wajomba kwenye hadithi. Tulicheka hadi karanga zikamwagika.

Mama mdogo peke yake hakucheka. Yeye naye alikuwa ameposwa na mfugaji wa rika la babu, na ng'ombe wa mahari walikwisha kuingia zizini. Hakuna aliyekuwa amemuuliza anataka nini.

Siku ya mwisho mwalimu alisoma taratibu mno. Binti akasimama mbele ya wajomba zake, akasema hamtaki. Bwana mzee akapanda gari lake la farasi, akaenda zake. Bibi akaweka karanga zake chini, akamgeukia mama mdogo.

“Na wewe, mwanangu? Unamtaka?”

Mama mdogo akatikisa kichwa, machozi yakamtoka. Wiki ile ile ng'ombe walirudishwa, na kijiji kizima kikatusema.

Basi juzi nimeisoma sura ile mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha ofisini. Nikairudia. Binti anaolewa na yule mzee, tena kwa furaha, kengele za kanisa zinalia.

Natamani sana kumuuliza mwalimu alianza lini kupanga jambo lake. Lakini amekwisha kufariki, bibi pia, na pale barazani siku hizi wanauza saruji na mabati. Nikampigia mama mdogo. Baada ya shikamoo nikamweleza yote.

“Najua,” akasema. “Nilikiazima mwaka uliofuata, nikakisoma kwa kamusi. Bibi yako sikumwambia mpaka tunamzika.”