Waya wa Bluu Nyuma ya Kitanda

Asubuhi hii nilifungua gari kuukuu la baba kabla wanunuzi wa skrapu hawajafika, na harufu ya sponji na plastiki iliyopigwa na jua ikanipokea mlangoni.

Baba alilinunua Makindu, kwa msafiri aliyeharibikiwa na injini. Lilikuwa gari la kulalia safarini; ndani kulikuwa na vitanda viwili, sinki ndogo, na nyaya nyingi ambazo hazikuwasha chochote. Jioni tulizifuatilia moja moja, yeye amelala chali sakafuni, mimi nimeshika taa ya kupimia umeme.

"Inawaka, mwaitu?" aliuliza. Kwa Kikamba ni kusema mama yangu. Aliniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. Nikisema haiwaki, alikata waya huo na kuutupa.

Kulikuwa na mmoja wa bluu, safi kuliko zingine, ulioishia nyuma ya kitanda changu. Huo alinikataza kuugusa.

"Lakini hauwaki," nilisema.

"Wacha huo. Uko na kazi yake."

Nilidhani amechoka tu. Kabla mvua haijanyesha baba alifariki, tukamzika kwetu Kasikeu, na gari halikwenda popote.

Leo nimebandua ubao ulio nyuma ya kitanda changu. Waya wa bluu umekunjwa vizuri, na kwenye ncha yake kuna kipande cha plasta chenye mwandiko wake: "Taa ya mwaitu, asiogope giza."

Sikuwa nimewahi kumwambia.