Digrii Yangu na Mifereji Miwili

Juzi nilikuwa saiba moja ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma, nikingoja zamu ya kompyuta nitume safu yangu ya gazeti. Mbele yangu alikaa mama wa Sudan Kusini, akijipima kwa maswali ya mtihani wa kuingia chuo kikuu cha ng'ambo.

"Kwani huna cheti cha kidato cha nne?" nikamuuliza.

"Niko nayo. Lakini hao wanataka mtihani yao pia."

Jirani yake, Mkongomani, akadakia kwamba hata kwao ukitaka udaktari, chuo kinakupima tena mlangoni.

Nikakohoa kidogo. "Sisi Wakenya tunapimwa mara moja tu. Ukipita, umepita. Mimi na digrii yangu sijaulizwa tena."

Mama akaelekeza kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Basi nisaidie hii."

Mfereji mmoja hujaza tangi kwa saa tatu, wa pili kwa saa sita. Ikifunguliwa yote pamoja, tangi litajaa kwa saa ngapi?

Nikajumlisha, nikagawa kwa mbili. "Saa nne na nusu!" nikatangaza, saiba nzima isikie.

Mama, ambaye kila asubuhi hupanga foleni ya maji kambini, akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, ile moja peke yake inajaza kwa saa tatu. Hii ya pili imekuja kunywa?"

Akabonyeza jibu la saa mbili. Kompyuta ikakubali.

Tangu siku hiyo nautetea utaratibu wetu wa Kenya kwa moyo wote. Chuo changu kingeniuliza swali hilo langoni, mpaka leo ningekuwa nje, na mtungi wangu mkavu.